MGB ya 1971: fyuzi inakatika na kebo ya choki inatoa moshi, nianzie wapi?

Mzee_wa_Spana: Habari za jioni wakuu. Nina MGB GT ya 1971, gari dogo la michezo la Kiingereza, ambayo niliivua hadi ikabaki bodi tupu. Rangi imepigwa, injini na giaboksi vimerudi wiki jana, sasa umeme unanitoa jasho. Nikifungua swichi, fyuzi ya waya za kijani inakatika papo hapo: sina indiketa, taa za breki wala waipa. Taa ndogo zinawaka, ila ya nyuma kushoto ni hafifu kama kibatari. Kibaya zaidi, nikipiga stata injini inazunguka kivivu na kebo ya choki (ule waya wa chuma unaovutwa kuwasha injini ikiwa baridi) inatoa moshi! Fundi umeme wa hapa mtaani anataka tung'oe waya zote tufunge mpya. Naomba ushauri.

IST_Damu: Uza, nunua IST 😂

Binti_Karakana: Kaka, huyo fundi asubiri kwanza, na wewe usipige stata tena. Injini imekalia mipira, haigusi bodi. Kama hukurudisha ule mkanda wa ethi (njia ya umeme kurudi betri) unaoiunganisha na bodi, umeme wa stata unarudi betri kwa njia yoyote utakayopata, na hapo ni kebo ya choki. Pekua makopo yako ya bolti.

Mzee_wa_Spana: Dada, nimeukuta! Uko kwenye kopo la rangi pamoja na vibanio vya bampa. Aibu yangu.

FundiMstaafu: Mkuu, usikate waya hata moja. Rangi za waya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hilo, ni ramani tosha: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto wa swichi usiopita fyuzi, kijani ni huohuo baada ya fyuzi, zambarau ni moto wa kudumu wenye fyuzi, nyeusi ni ethi.

Acha kuchoma fyuzi. Chukua balbu ya wati 21, iunge mahali pa fyuzi hiyo. Zima waipa na feni, fungua swichi. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti. Chomoa tawi moja moja la kijani huku ukiitazama. Itakapofifia, umempata mwizi. Usiache swichi wazi muda mrefu injini ikiwa imezimwa, koili ya kuwashia plagi itachemka. Mimi ningeanza na waya za taa ya rivasi, maana giaboksi likirudishwa huzibana kwenye handaki la sakafu linapokaa.

Taa hafifu ni rangi yako mpya hiyo, inazuia ethi. Kwangua pale bolti ya taa inapogusa bodi hadi uone chuma, kisha paka grisi. Taa ikiwa inawaka, pima kwa multimita kati ya kikombe cha balbu na hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, ethi bado mbovu.

IST_Damu: Lakini si Lucas hao wanaoitwa wafalme wa giza?

FundiMstaafu: Utani wa zamani huo. Gari nyingi nilizoletewa, kosa lilikuwa ethi au mkono wa mtu.

Mzee_wa_Spana: MREJESHO. Mzee umepiga penyewe. Waya ya rivasi ilibanwa juu ya giaboksi, plastiki imechanika kama sentimita mbili. Ilibidi nilegeze krosimemba, chuma kinachobeba giaboksi, nilishushe kidogo. Fyuzi imetulia, stata inapiga kwa nguvu, taa ya kushoto safi. Imebaki geji ya mafuta: tanki lina lita kumi hivi, yenyewe inasema limejaa!

Binti_Karakana: Ingia nyuma ya dashibodi, kuna kikopo kidogo, stabilaiza. Kazi yake ni kuipa geji volti 10 kwa wastani. Kisipopata ethi kinapitisha volti zote za betri na mshale unapanda. Umepaka rangi huko pia?

Mzee_wa_Spana: Nimepaka 🙈 Naenda na msasa.