Mama ameacha mkate na ugali mweupe, sukari haishuki. Tunakosea wapi?

Mwana wa Umoja
Habari zenu. Mama ana miaka 61, ana kisukari aina ya 2, anameza metformin 500 mg mara mbili kwa siku na glibenclamide 5 mg asubuhi. Kabla ya chai ya asubuhi sukari ni 8 hadi 9 mmol/L. Saa mbili baada ya ugali wa usiku inafika 14. Tumempunguzia wanga: badala ya mkate anakula nduma, na ugali ni wa wimbi. Vipimo viko palepale.

Lishe Eastlands
Pole kwa kuuguza. Mmebadilisha aina ya wanga, kiasi hakikupungua, na asubuhi kimeongezeka. Slesi mbili za mkate zina wanga gramu 25 hadi 30. Nduma iliyochemshwa, gramu 200, inakaribia 70! Unga wa wimbi nao una gramu 70 na kitu katika kila 100, karibu sawa na wa mahindi. Nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kidogo, haziiondoi.

Pima unga ukiwa mkavu, kwa mizani ya jikoni, maana ugali ukishaiva uzito mwingi ni maji. Mtu mzima humaliza kwa urahisi ugali wa gramu 120 za unga, yaani wanga kama 90. Wake uwe wa gramu 40, wanga kama 30. Nusu ya sahani iwe sukuma, managu, terere au kabichi. Robo iwe omena, mayai, samaki au kuku. Hapa wengi hukwama: wanapunguza ugali bila kuongeza kitoweo, ikifika saa nne usiku mgonjwa ana njaa na anarudia mkate. Nusu parachichi humshibisha kwa wanga kidogo sana. Ndengu na maharagwe msiyahesabu kama mboga za majani. Gramu 100 zilizoiva zina wanga kama 20, ingawa nyuzinyuzi zimo kwa wingi.

Halafu kuna chai. Kikombe cha mililita 300, nusu maziwa, vijiko vitatu vya sukari, ni karibu gramu 20. Akinywa vinne kwa siku ni 80, na hakuna anayeviita chakula. Asali na sukari nguru ni yale yale.

Famasia Ngara
Nakubaliana na hesabu hiyo, lakini msiianze kabla ya kurudi kliniki kuhusu glibenclamide. Dawa hii huisukuma kongosho itoe insulini hata asipokula. Wanga ukipungua nusu na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kuporomoka, na kwa mtu mzima mwenye figo dhaifu ikakaa chini kwa saa nyingi. Metformin peke yake haina tabia hiyo. Wanaochoma insulini ya mchanganyiko, 70/30, wajihadhari vivyo hivyo. Msipunguze dozi wenyewe. Mpelekeeni daktari daftari la vipimo na orodha ya dawa zote. Za presha zisisahaulike, kwa sababu wiki za kwanza za kupunguza wanga mwili hutoa maji na chumvi, presha ikashuka, na akisimama anaweza kupata kizunguzungu.

Akitokwa jasho, akitetemeka, au kipimo kikiwa chini ya 3.9: vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado. Karanga na chapati hufanya kazi polepole mno. Akishindwa kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mwana wa Umoja
Asanteni sana, kliniki tunaenda wiki hii. Stripu za kupimia ni ghali. Tupime lini?

Lishe Eastlands
Daktari akisharekebisha dawa, shughulikieni mlo mmoja kwanza, wa usiku. Pima kabla ya tonge la kwanza, kisha saa mbili baadaye, jioni tatu mfululizo kwa chakula kile kile. Ikipanda kwa zaidi ya 3, punguza gramu 10 za unga. Kwa kawaida hulengwa 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya saa mbili, ila kama daktari amempa kiwango chake, fuateni hicho. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha; maji ya embe kidoleni hupandisha kipimo bure. Kopo la stripu lifungwe mara moja, unyevu huziharibu. Wa usiku ukitulia, hamieni asubuhi, na HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, irudiwe baada ya miezi 3.