Arubuni ya makabati (kikundi cha majirani, Kisauni)

Mama Zai: Asalaam aleikum majirani. Yule fundi seremala niliyempa arubuni ya makabati ya jikoni, 68,000, tangu mwezi wa tano, leo kanizimia simu. Karakana kaifunga. Pesa ile ni ya chama, silali.

Juma Boda: Pole sana mama. Umeshakwenda polisi?

Mama Zai: Jana. Wameniambia hilo ni deni, niende mahakamani. Nikauliza wakili, ataka 30,000 kabla hata ya kugusa faili.

Mzee Omari: Waaleikum salaam binti yangu. Mahakama naijua. Kesi ya shamba la marehemu ndugu yangu ilikwenda miaka kumi na moja. Mwachie Mungu.

Bi Mwanaidi: Shikamoo mzee. Kwa heshima yako, hili asiliache. Kuna mahakama ya madai madogo. Sheria yake ni ya 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na hapa Mombasa ipo. Mwaka jana nilimshtaki mtu aliyekodi masufuria na viti vyangu vya harusi asirudishe. Nilisimama mwenyewe, bila wakili.

Mama Zai: Wanapokea madai ya mpaka shilingi ngapi?

Bi Mwanaidi: Mpaka milioni 1. Na sheria yataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi.

Mzee Omari: Hata ya shamba?

Bi Mwanaidi: La mzee, ardhi hawagusi. Wala kesi za mtu na mwajiri wake, wala za kuchafuliwa jina. Wanasikiza za deni, bidhaa, kazi uliyolipia isifanywe, mali iliyoharibiwa, hata fidia ya kuumia. Mama Zai, risiti unayo?

Mama Zai: Sina dada. Tulipatana kwa mdomo. Nilimtumia kwa M-Pesa, 40,000 halafu 28,000. Na yeye alinitumia picha za makabati WhatsApp, na sauti akiniahidi Ijumaa, Ijumaa.

Bi Mwanaidi: Huo ndio ushahidi wako! Usifute hata neno moja. Taarifa ya M-Pesa ichapishe. Pale hawafungwi na zile kanuni kali za ushahidi za mahakama nyingine. Mimi mwamuzi aliniuliza kwa Kiswahili: mlipatana nini, ulitoa nini, ulipata nini. Nikajibu hayo matatu, basi.

Juma Boda: Na fundi asipotokea?

Bi Mwanaidi: Kwanza lazima akabidhiwe karatasi za kesi, na aliyempelekea aape kwa maandishi kwamba amempa. Mimi nilihangaika hapo kuliko kizimbani, maana mtu akihama utampatia wapi? Akishapokea akanyamaza, unaomba hukumu bila yeye.

Juma Boda: Huyu nampata. Kahamia kwa wakweze, nyuma ya kinu cha unga. Juzi nimembeba.

Mzee Omari: Tuseme ameshindwa. Akikataa kulipa?

Bi Mwanaidi: Hapo mzee sitawaficha. Hukumu peke yake haikuwekei pesa mkononi. Mimi nililipwa nusu, nusu ya pili mpaka nikaomba amri, dalali akaenda kukamata mali. Na dalali ana malipo yake. Kwa hivyo mama, andika mali anayomiliki. Ile mashine ya randa ni yake?

Mama Zai: Ni yake, aliniambia mwenyewe. Lakini dada, mimi shule niliachia darasa la sita. Hizo fomu ntazijaza vipi?

Bi Mwanaidi: Tutazijaza pamoja. Kesi zinafunguliwa kwa mtandao, twende saiba. Lakini tuanze na barua ya kumdai, tumpe siku saba. Njoo kwangu leo baada ya isha, tuiandike.

Juma Boda: Mimi ntaipeleka, na ntapiga picha akiipokea.

Mama Zai: Mungu awabariki. Nakuja.

Mzee Omari: Mama Zai, siku aliyokuja kupima jiko nilikuwa barazani kwako, na bei niliisikia akiitaja. Niandikeni shahidi.