Tuachane na hayo? Hayo yapi, dada mtangazaji?

Wakuu, sijala. Ugali umepoa hapa mbele yangu. Kituo chenyewe cha TV mnakijua, sikitaji.

Taarifa ya habari ya saa mbili. Nimekaa na shemeji yangu, mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Tangu mji uanguke mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari 2025, ndugu zake anawapata kwenye simu kwa bahati nasibu. Leo marais wa nchi za Kusini mwa Afrika (SADC) na Afrika Mashariki wamekutana hapahapa Dar, tukajua tutaelezwa kitu. Tumeonyeshwa ngazi za ndege! Anashuka huyu, zulia. Anashuka yule, zulia. Goma yenyewe sekunde kumi, tena ramani imeupeleka mji Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu, ambalo Goma ipo kando yake, mmelikausha lini?

Halafu yule dada akatabasamu: "Tuachane na hayo mazito, tukachangamke na michezo."

Tuachane na hayo! Shemeji kainamia simu yake, haongei. Wanajeshi wetu wawili wamefia hukohuko, jeshi letu, JWTZ, wametangaza wenyewe juzijuzi, halafu tuchangamke. Na lile tabasamu wakuu, meno yote thelathini na mbili, nimeyahesabu!

Mzee wa Tandika: King'amuzi changu kimekata tangu Krismasi. Nalala kama mtoto.

MtuPori: Mleta mada ulitaka alie? Akilia utaleta uzi kwamba analia.

Mleta mada: Sikutaka alie. Ila "tukachangamke"?

Kivu_Yetu: Afadhali nyie. Sikiliza redio za Kinshasa, huko jeshi halikimbii, "linajipanga upya". Geuza Kigali, hakuna anayejua kama askari wao wamevuka mpaka.

Konda Mstaafu: Mnalilia ramani, mimi nimekaa foleni masaa matatu kupisha misafara ya haohao wageni. Nimefika nyumbani mke anasema nilikuwa kwa mwingine.

MtuPori: Ulikuwa kwa mwingine.

Konda Mstaafu: Nilikuwa Tazara!

Mama Kulwa: Huyo mwingine anakaa Tazara, kumbe. Mleta mada, huo ugali na nini?

Mleta mada: Dagaa wa Kigoma. Lakini jamani lile tabasamu

Mzee wa Tandika: Wa Ziwa Tanganyika? Basi hao kwa ramani ya dada wametoka Goma.

Mama Kulwa: 😂😂 Kilo umechukua shilingi ngapi? Huku Mbagala wanatuua.