Angkor Wat na bi mkubwa mwenye magoti mabovu, tiketi ya siku moja inatosha?

mtu_wa_temeke
Wakuu habari za jioni. Mungu akijalia Januari nampeleka bi mkubwa Kambodia, ana miaka 66, tangu nimemuonyesha bendera yao yenye picha ya hilo hekalu la Angkor Wat kila siku ananiuliza tunaenda lini. Shida magoti, ghorofa ya pili tu Kariakoo anapumzika mara mbili. Tiketi naona siku 1 dola 37, siku 3 dola 62, kwa watu wawili ni hela. Siku moja inatosha au ntamtesa? Na mavazi je, yeye ni baibui muda wote

Pwani2Bara
Baibui ndo limemaliza kila kitu, pale wanataka mabega na magoti yafunikwe, wewe ndo uache bukta hotelini. Chukua siku 3 mkuu, hazina lazima ya kufuatana, unazitumia ndani ya siku 10 so mama anapumzika katikati. Af msiingilie mbele magharibi, kuna daraja juu ya handaki la maji upana karibu mita 190, halafu njia ya mawe kama mita 350 juani. Mwambie dereva wa tuktuk awashushe mlango wa mashariki, watu wachache na mnatokea karibu na baraza lenye mchongo wa hadithi ya Kihindu ya kuvuruga bahari ya maziwa. Ukuta wa karibu mita 50 wote mchongo mmoja!! miungu upande huu mashetani upande ule wanavutana kwa joka kama watoto wanavuta kamba, ukisogea unaona mpaka samaki waliokatika vipande huko chini. Mimi nilikaa hapo saa nzima. Ngazi za kule juu kabisa, Bakan, zimesimama sana, asijaribu, wewe panda ushuke.

dada_mbezi
Naongezea, jua linachomozea nyuma ya minara sababu hekalu linatazama magharibi, kwa hiyo hiyo alfajiri inabidi muwe upande wa mbele. Watu wanaona tabu kuamka saa kumi usiku ila mama yako si anaamka kuswali, mpeleke siku moja hata akae tu kwenye nyasi. Na msikose Ta Prohm, hekalu lingine hapo hapo Angkor, lile lenye miti iliyoota juu ya kuta. Mfalme Jayavarman VII alilijenga kwa heshima ya mama yake, 1186. Njia nyingi ni tambarare na wameweka mbao za kukanyagia.

mtu_wa_temeke
Asanteni sana jamani, siku 3 nimekubali. Nimemsomea hapo kwa mfalme na mama yake, akanyamaza kidogo af akaniambia hilo ndo tuanze nalo. Ila anauliza hiyo miti mbona hawaikati, si itaangusha ukuta?

Pwani2Bara
Mama kauliza la maana. Mingine ni jamii ya mkuyu, ndege anadondosha mbegu juu ya paa, mizizi inashuka kutafuta udongo inapenya kwenye maungio ya mawe inayatanua. Lakini ikishazeeka yenyewe ndo imeshika mawe, ukikata mti unaoza na ukuta unakuja chini, ndo maana kuna sehemu utaona wameweka nguzo za chuma kuegemeza. Mwambie aangalie mizizi ilivyomwagika juu ya paa, minene kuliko mtu.

dada_mbezi
Na mbebee kiti kidogo cha kukunja