Wasimamizi wa Ukoo: ile meseji ya mweka hazina

20:14 Baraka: Shikamooni. Kule kikundi kikubwa kumewaka. Shemeji ameandika "Hiyo kazi ya wanawake jamani 😂" na meseji imeangukia chini ya swali la nani awe mweka hazina. Wanamwita mbaguzi wa kijinsia. Niifute?

20:15 Shangazi Rukia: Marahaba. Usifute. Panda juu uangalie saa. Swali limeingia 19:52 na meseji yake 19:52. Juu ya swali kuna video ya mwanamume anahangaika kusuka nywele. Alikuwa anajibu video.

20:17 Neema: Shikamoo Shangazi. Ni kweli, meseji zimepishana. Angebonyeza video akainukuu kabla ya kuandika, yasingefika huku. Ila hata ikiwekwa chini ya video, sentensi bado inasema kusuka ni kazi ya wanawake. Hilo tusilifunike.

20:18 Mjomba Hamisi: Neema mwanangu, si utani tu?

20:20 Neema: Mjomba, kwa heshima zote, hilo "tu" ndilo linalowasha moto. Kuna alichokusudia na kuna kilichoandikwa. Tukibishana juu ya nia yake tutakesha, maana hakuna mwenye kuithibitisha. Maneno yako kwenye skrini, kila mtu anayasoma. Tuzungumzie maneno.

20:21 Shangazi Rukia: Na mlalamikaji vilevile. Ukimwambia mtu "wewe ni mbaguzi" atajitetea, na wa upande wake watajitokeza. Ukisema "nikisoma hapa naona uweka hazina unadharauliwa kuwa kazi ya wanawake, ndivyo ulivyomaanisha?" anapata pa kujibu: la, nilikuwa najibu video.

20:22 Baraka: Mbona mimi nilielewa mara moja?

20:24 Shangazi Rukia: Kwa sababu unamjua, unasoma huku unaisikia sauti yake. Justin Kruger na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio la barua pepe mwaka 2005. Waandishi walitegemea wasomaji watatambua kejeli kwa asilimia 78 hivi, lakini wasomaji walipatia 56, karibu sawa na kubahatisha. Waliosikia sauti walipatia takribani 73.

20:25 Mjomba Hamisi: Basi aombe radhi kwa ujumbe wa sauti.

20:26 Neema: Kwa kutania, sauti inasaidia. Kwa radhi hapana, Mjomba. Wengi hawataufungua, halafu kila mmoja atasimulia alivyosikia. Radhi ikae palepale kosa lilipokaa, kwa maandishi.

20:27 Baraka: Lakini aliweka 😂. Alama hizi si zililetwa kwa ajili ya hili?

20:29 Shangazi Rukia: Zililetwa kwa hili hasa. Scott Fahlman alipendekeza :-) pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon tarehe 19 Septemba 1982, baada ya utani kuhusu zebaki kumwagika ndani ya lifti kudhaniwa ni tahadhari ya kweli. Lakini alama inasema "natania", haisemi anayechekwa ni nani. Kicheko kikikaa karibu na neno "wanawake", mwanamke anayesoma ana haki ya kudhani anachekwa yeye.

20:31 Neema: Na kejeli ndefu ina hatari yake. Mtu anaandika "Wanaume ndio wenye akili ya fedha", anamalizia mistari mitatu chini "ndiyo maana tunakopa kwa wake zetu". Taarifa inayotokea juu ya skrini ya simu inaikata meseji, watu wanaona mstari wa kwanza tu na kuanza kujibu. Geuzo liwe ndani ya sentensi ileile.

20:32 Baraka: Mimi hutumia kipimo cha kugeuza: natoa "wanawake", naweka "wanaume". Kichekesho kikifa, najua kilikuwa kinaishi kwa dharau ya jinsia.

20:33 Neema: Kizuri kwa kuanzia. Ila "wanaume hawajui kulea" inachekesha watu vizuri tu, na bado inawarudishia wanawake ulezi wote. Geuza, kisha uliza nani anabaki na mzigo.

20:34 Mjomba Hamisi: Nimeelewa. Ahariri basi?

20:35 Baraka: WhatsApp inatoa dakika 15 za kuhariri, zimeshapita. Kufuta kunawezekana, ila majibu yataning'inia na skrinshoti zipo.

20:36 Shangazi Rukia: Na wasioiona watadhani ilikuwa mbaya kuliko ilivyo. Tunafuta papo hapo pale mtu anapotajwa kwa jina na kudhalilishwa, mwili wake unapotajwa, au anapotishwa. Hapo hatusubiri maelezo. Hii si ya namna hiyo.

20:38 Baraka: Nimemwandalia maneno, nimtumie kando: "Samahani kama kuna aliyekwazika, ila nilikuwa natania."

20:39 Neema: Toa "kama", inatia shaka kwamba kuna aliyeumia. Toa "ila", inafuta samahani iliyotangulia. Jaribu: "Meseji yangu ya 19:52 ilikuwa jibu la video ya kusuka, si la swali la mweka hazina. Pia nilikosea kuita kusuka kazi ya wanawake. Samahanini."

20:40 Shangazi Rukia: Ainukuu ileile ya 19:52, bila emoji. Mjomba, wewe mkubwa wake, mpigie kwanza asije akaona tunamwandikia kama mtoto. Na asimwambie mtu kwamba alisoma vibaya. Walisoma kilichokuwepo.

20:41 Mjomba Hamisi: Nampigia sasa hivi.

20:49 Baraka: Imeingia. Nimelinukuu tena swali la mweka hazina ili lirudi chini. Majina mawili yameshapendekezwa.