Jabal Akhdar mwezi wa nne na wazee: gari, baridi, mawaridi

BintMalindi:
Assalaam alaykum. Wakwe zangu wanakuja Maskati kutoka Unguja mwezi wa nne, na wanatamani kupanda mlima wa Jabal Akhdar, huku Omani, waone mawaridi na wapumzike kutokana na joto. Mama magoti yanamsumbua, baba ana presha. Gari yetu ni saluni, gari ndogo ya kawaida. Tupandeje, na siku moja inatosha?

DerevaWaJabali:
Waalaykum salaam dada. Saluni haipandi. Ukishapita Birkat al-Mawz, mji ulio chini ya mlima, kuna kizuizi cha polisi. Wanaangalia leseni, mulkiya (kadi ya gari), na kama gari ni fowili kweli, yaani inavuta kwa tairi zote nne. Ziko zenye umbo la jipu lakini zinavuta kwa tairi mbili tu, na hizo zinarudishwa.

Barabara ni lami mpaka juu, kwa hiyo wengi huuliza fowili ya nini. Shida ni kushuka. Kutoka Saiq, uwanda wa juu ya mlima kwenye takriban mita 2,000, unateremka zaidi ya mita 1,200 kwa mfululizo. Mguu ukikaa juu ya breki, pedi zinaungua, na mafuta ya breki yakiwa ya zamani yameshanyonya unyevu, yanachemka. Hapo pedali inazama na gari haisimami. Ndiyo maana kandokando kuna njia za changarawe za kuokolea gari lililokosa breki.

Mna njia mbili: mkodi fowili, au muache saluni Birkat al-Mawz mchukue jipu na dereva wake. Mkichukua dereva, patanani bei kabla ya kupanda, na mtaje wazi kuwa ni kwenda, kusubiri na kurudi.

BintMalindi:
Ahsante sana. Tukikodi Prado ya otomatiki, kushuka kunakuwaje hasa?

DerevaWaJabali:
Toa D, weka gia nzito, ya pili au ya kwanza, injini ndiyo ishike gari. Itanguruma, iache ingurume. Breki ikanyage kwa nguvu, kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha iachie kabisa ipoe, usiibembeleze njia nzima. Prado inavuta tairi zote muda wote, kwa hiyo hata 4L (fowili ya gia za chini) inafaa mradi difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, haijafungwa. Pikapu zile za kuhamisha kutoka 2H (tairi mbili) kwenda 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) ni habari nyingine: kwenye lami kavu, 4H au 4L inakaza mfumo kwenye kona, hivyo baki 2H na gia nzito.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imelegea, ingia pembeni, weka P na handibreki, subiri nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Na shukeni mchana. Mawingu yakijikusanya alasiri, msikae na haraka: mvua ya huko juu hujaza wadi (mabonde ya mito) za chini ambako pengine halijadondoka tone, na wadi inayotiririka haivukwi, hata kwa jipu.

Mtaratibu:
Kwa baba mwenye presha: mita 2,000 kwa kawaida hazileti ugonjwa wa mwinuko, ila hewa ni nyepesi na kavu, mtu huhema haraka kwenye ngazi. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, anywe maji hata kama hana kiu. Kama katika familia yuko mwenye selimundu (sikoseli), aulize daktari wake kwanza, maana baridi, upungufu wa maji na mwinuko vyote huweza kuamsha maumivu. Hili kwetu sisi watu wa pwani na Omani lisipuuzwe.

Mchana Aprili ni kama digrii 22 hadi 25, usiku hushuka mpaka 13 hivi. Sweta, soksi, shali nzito. Kanzu peke yake haitoshi baada ya magharibi.

ShambaLaWaridi:
Siku moja ni chache. Kutoka Maskati ni saa mbili na nusu au zaidi, na mawaridi huchumwa alfajiri kabla jua halijachukua harufu. Laleni juu usiku mmoja, na mchukue chumba mapema. Msimu ni mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei, na vyumba huisha.

Vijiji ni Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah. Kijia kinachoviunganisha ni kizuri sana lakini kina ngazi nyembamba kando ya ngema, basi mama abaki ukingoni, matuta yote ya mashamba anayaona kutoka hapo. Wadi Bani Habib pia ni ngazi tupu, mwepusheni.

Ombeni kuona marashi yanavyopikwa. Petali huwekwa kwenye chungu juu ya jiko la udongo, ndani kuna bakuli la kukinga, juu chombo cha maji baridi. Mvuke unagonga ubaridi, unadondoka. Maji ya juu yakipata moto marashi hupungua, kwa hiyo hubadilishwa kila mara. Marashi ya jiko la kuni yana rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Yale meupe yametoka kwenye mitambo ya chuma. Wazee wa Unguja, waliozoea kuyatia kwenye mrashi (chupa ya kunyunyizia), wanayajua yote mawili, waacheni wanuse wachague wenyewe. Chupa iende kwenye begi la chini ya ndege, imefungwa nailoni mara mbili: kioevu kinachozidi mililita 100 hakipiti mkononi.