MJADALA: Masafa ya gigahezi 6 wapewe kampuni za simu, au yabaki ya wote?

Wakuu habari zenu, hili jambo tuliongelee mapema kabla halijaamuliwa. Kuna hoja naisikia sana kwamba masafa ya gigahezi 6 (yaani sehemu ya mawimbi ya redio inayobeba mawasiliano hewani) wauziwe kampuni za simu kwa ajili ya 5G, ati ndo intaneti itafika mpaka kijijini. Mi napinga, yabaki ya wote, mtu anunue ruta yake awashe bila leseni.

Angalieni hali ya mjini. Waifai nyingi bado ziko gigahezi 2.4 na pale chaneli (njia za kupitishia mawimbi) zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, sasa ingia ghorofa lolote la Kariakoo ufungue simu uone majina ya waifai yanavyojipanga, kila duka na yake kila stoo na yake, zote zinagombania chaneli hizo tatu, halafu mtu anamlaumu fundi wa faiba wakati faiba ni nzima, msongamano uko hewani.

Wenzetu Marekani Aprili 2020 walifungua megahezi 1200 za hapo kwenye gigahezi 6 (gigahezi moja ni megahezi 1000), kuanzia 5925 mpaka 7125, bila leseni. Ukitumia chaneli pana za megahezi 160 unapata saba. Ulaya 2021 wakatoa megahezi 480 tu za chini, wakaambulia chaneli tatu.

Najua mtanitajia mkutano wa dunia wa masafa ya redio wa Dubai wa 2023, kwamba 6425 mpaka 7125 kwa kanda yetu ya Afrika na Ulaya imeshatajwa kuwa ya simu. Sawa, ila kutajwa sio kugawiwa jamani, kila nchi inajiamulia, na maandishi ya mkutano uleule yanakiri kwamba waifai nayo inatumia humo humo. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, bado wana nafasi.

Hii ya kijijini ndo inaniuma zaidi, maana inatumia shida ya watu kutetea biashara. Masafa ya juu hivyo hayaendi mbali, ukuta wa tofali tu unayapunguza nguvu. Kijijini kunafikiwa na megahezi 700, 800, 900, na 700 ilishapigwa mnada, sa minara ijengwe huko kwanza!

Sisemi kampuni za simu zinyimwe kila kitu, wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa bando. Lakini hela ya mnada inarudi kwetu kwenye bei ya bando hilohilo, wakati waifai moja ya faiba inahudumia nyumba nzima ya wapangaji. Na kushirikiana kunawezekana, Ulaya waifai ya ndani imewekewa kikomo cha nguvu cha miliwati 200 isisumbue setilaiti na mitambo ya maikrowevu inayounganisha minara.

Pendekezo langu: 5925 mpaka 6425 iwe ya wote, na hiyo ya juu asiuziwe mtu peke yake. Mnaopinga, nielezeni mnara wa gigahezi 6 utamfikiaje mtu wa Kilwa akiwa chumbani kwake.